Kwa nini damu ikiganda mguuni inakimbilia mapafuni, ila ikiganda moyoni inapanda kichwani?

binti_wa_kilosa

Habari za jioni wakuu, naombeni mnieleweshe maana nimeuliza huku na huku naishia kupewa pole tu na mimi nataka kuelewa.

Mama yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa vizuri tu, baada ya kama wiki mbili mguu wa kushoto ukaanza kuvimba wenyewe, ule wa kulia hauna shida yoyote, ukawa wa moto na pale kwenye shavu la mguu ukigusa anaruka. Kupelekwa hospitali wakampiga utrasaundi ya mguu wakasema damu imeganda kwenye vena ya ndani, akaanzishiwa sindano za tumboni na vidonge, na daktari akatuambia kabisa kwamba yeye mguu haumtishi, anachoogopa ni mapafu.

Sasa kuna baba mmoja jirani yetu hapa, huyo ana vali ya moyo (kile kijimlango cha damu) imebana tangu ujanani, mwaka jana akapata kiharusi upande mmoja ukafa ganzi na mdomo ukaenda pembeni. Kwake waliambiwa damu iliganda ndani ya moyo kipande kikachomoka kikaenda kwenye ubongo.

Maswali yangu: hivi bonge la damu linajuaje pa kwenda? Kwa nini la mama mdogo liogopewe mapafuni na la yule baba likaenda kichwani? Na mimi nikijikata kisu jikoni damu ikiganda nashukuru, mbona huku ndani kuganda kunaua? Alafu bibi anasisitiza mguu uchuliwe na mafuta ya moto, mimi nasita. Asanteni.

Chaki_na_Ubao

Pole dada kwa kuuguza, na umefanya vizuri kuuliza maana wengi wetu tunapewa jina la ugonjwa tunarudi nalo nyumbani basi.

Bonge halijui kitu. Linabebwa na damu kwa njia ileile ambayo damu inapita kila siku na linakwama pale mshipa unapokuwa mwembamba kuliko lenyewe, kwaiyo ukiijua njia ya damu umeshajijibu.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu vya kupokea na viwili vya chini vya kusukuma, madaftari ya sekondari yanaviita atria na ventrikali. Katikati kuna ukuta wa nyama unaotenganisha kulia na kushoto. Damu ya kulia na ya kushoto hazikutani humo ndani, zinapeana mgongo tu. Upande wa kulia unapokea damu iliyotoka mwilini ambayo oksijeni yake imeshatumika, unaisukuma mapafuni. Upande wa kushoto unapokea ile iliyorudi kutoka mapafuni ikiwa safi, unaisukuma mwili mzima kupitia aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mtu akiwa amepumzika moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika, na damu yote ya mtu mzima ni karibu lita hizohizo 5, maana yake damu iliyopo kwenye kidole chako cha mguu sasa hivi dakika moja hivi ijayo inaweza kuwa imeshapita moyoni, mapafuni, moyoni tena na kurudi.

Sasa mfuate mama mdogo, na ukumbuke vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni, ateri ni ule unaoitoa. Damu ikitoka shavu la mguu inapanda kwa vena ya paja, inaingia nyonga, inaungana na ya mguu wa pili kwenye vena kuu ya chini iliyolala pembeni ya uti wa mgongo, inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini kulia, inasukumwa kwenye ateri ya mapafu. Angalia kitu kimoja hapo, kuanzia mguuni mpaka moyoni mishipa inazidi kupanuka, vena kuu ina upana wa karibu sentimita 2, kwaiyo bonge lililochomoka mguuni linapita bila kugusa ukuta. Moyoni nako ni kupana, vali zinafunguka linapita. Baada ya moyo ndo mishipa inaanza kugawanyika tena na tena, inakuwa myembamba mpaka inafika kapilari ambazo chembe nyekundu zinapita kwa kupanga mstari moja moja. Bonge haliwezi kufika huko, linakwama katikati, na sehemu yote ya pafu iliyo mbele yake inakosa damu. Mtu anavuta hewa kama kawaida ila hiyo hewa haikuti damu ya kuichukua, ndo maana anaanza kuhema ghafla, kifua kinachoma akivuta pumzi, wengine wanakohoa damu.

Na bonge likiwa kubwa likaziba pale ateri inapogawanyika kwenda mapafu mawili, upande wa kulia wa moyo unajikuta unasukuma mlango uliofungwa. Ule upande haukuumbwa kwa kazi nzito, presha ya kawaida kwenye ateri ya mapafu ni kama 25 kwa 10 wakati hii tunayopima mkononi ni 120 kwa 80. Unazidiwa haraka sana na mtu anaweza kupotea ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo hofu ya daktari wenu na yuko sahihi kabisa.

Yule baba ni habari nyingine. Damu yake imeshapita mapafuni, imerudi kwa vena nne kwenye chumba cha juu kushoto, na hapo mbele yake kuna vali ya mitrali iliyobana. Damu inapita kwa shida, chumba kinatanuka, mapigo yanaanza kwenda ovyo ovyo, chumba kinatetemeka tu badala ya kujikamua, na pembeni yake kuna kifuko kidogo kilichojikunja ambacho damu inatuama humo. Inaganda. Siku kipande kikichomoka kinashuka chumba cha chini kushoto, kinarushwa kwenye aota, na matawi makubwa ya kwanza yanayotoka kwenye tao la aota ni ya mikono na ya shingo. Ya shingo yanaenda kwenye ubongo. Bonge hilo limezaliwa damu ikiwa imeshayapita mapafu kwaiyo mapafu hayakuwa na nafasi ya kulizuia. Lingeweza pia kwenda figo au utumbo au mguu, yapo yanayoenda huko, ila ubongo peke yake unapokea karibu asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na ukikosa damu dakika chache tu seli zinaanza kufa.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako nenda buchani uombe moyo wa ng'ombe. Waambie mapema wakuwekee mzima maana mara nyingi mkaguzi wa nyama anakuwa ameshauchana kuangalia minyoo ya tegu. Osha damu iliyoganda ndani, alafu shika ukuta wa chini kulia kwa vidole viwili, ni mwembamba unakunjika. Shika wa kushoto, hakuna kukunjika pale, ni nene mara tatu hivi na ndio unaofanya moyo usimame wenyewe ukiuweka mezani. Pasua kuanzia juu kuja chini utaona vali ni ngozi nyembamba nyeupe na zimefungwa kwa nyuzi ngumu kwenye vinundu vya nyama, hizo nyuzi ndizo zinazuia vali isipinduke kurudi juu moyo unapokamua. Vuta uzi mmoja kwa nguvu uone kama utakatika. Alafu chukua maji mwaga kwenye aota kutokea juu, vali tatu za pale mdomoni zinajaa zinafunga zenyewe, maji yanakaa. Juu yake kidogo utakuta vitundu viwili, hivyo ndivyo vinaenda kulisha nyama ya moyo wenyewe. Mimi kila mwaka nawafanyia vijana wangu hili zoezi na hakuna mchoro wa ubaoni unaoshinda hapo.

nesi_wa_zamu

Dada binti wa kilosa nakuomba kabla ya yote, MGUU USICHULIWE. Usikandwe, usivutwe, usipakwe mafuta ya moto kwa kusugua. Najua bibi ana nia njema na mama aliyejifungua kwetu anakandwa ndo utaratibu, ila mguu mmoja uliovimba wa moto una bonge limeshikilia ukuta wa vena kwa upande mmoja tu na mkia wake unaelea kwenye damu, hasa siku za mwanzo kabla dawa haijafanya kazi. Ukikamua unaweza kuusaidia kuchomoka. Mweleze bibi kwa heshima, mwambie daktari amekataza, atakuelewa.

Na kitu kingine kwa kina mama wote mnaosoma hapa. Mimba yenyewe inaifanya damu iwe nyepesi kuganda, mwili unajiandaa kwa ajili ya kujifungua ili mama asivuje damu mpaka mwisho, na hali hiyo haiishi siku ya kujifungua, inaendelea wiki sita na zaidi. Ukiongeza upasuaji, ukiongeza kulala kitandani unaogopa mshono, hatari inapanda. Na mara nyingi ni mguu wa kushoto kama wa mama mdogo kwa sababu vena ya kushoto inapita chini ya ateri ya kulia pale nyongani, inabanwa kati ya ateri na mfupa, na mfuko wa uzazi uliojaa unaongeza kubana. Kwaiyo mama aliyejifungua mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine usikae nyumbani unasubiri upungue, miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida ya mimba ila mmoja peke yake nenda hospitali siku hiyohiyo. Na akianza kuhema ghafla au kifua kumchoma au kuzimia hapo ni dharura usiku ule ule tafuta usafiri.

Anaruhusiwa kunyonyesha na zile sindano, na warfarini, vile vidonge vya kuzuia damu isigande, pia haimzuii kunyonyesha. Nimeona wamama wanaacha kumnyonyesha mtoto kwa kuogopa, wengine wanaacha dawa ili wanyonyeshe, yote mawili si sawa.

binti_wa_kilosa

Mwalimu na nesi Mungu awabariki. Bibi nimeongea naye amekubali, kachukua kazi ya kumwogesha mtoto.

Nimeelewa njia. Sasa lile la tatu, kwa nini igande ndani wakati hakuna kidonda? Na je hiyo dawa inayeyusha bonge?

Maabara_Zone

Hili niacheni mimi maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Anza na kisu chako cha jikoni. Mshipa ukikatwa kitu cha kwanza unajibana wenyewe kupunguza damu inayotoka. Pili, chini ya ngozi laini ya ndani ya mshipa kuna nyuzi za kolajeni ambazo siku zote damu haizioni, sasa zimefunuka, chembe sahani zinazipitia zinanasa hapo. Chembe sahani ni vipande vidogo sana vinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, ukiangalia kwenye majibu yako ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) kawaida ni 150 mpaka 450, ni maelfu hayo kwa kila maikrolita moja ya damu, na kila moja inaishi siku 7 mpaka 10 tu. Zikinasa zinabadilika umbo, zinamwaga kemikali za kuita wenzao, zinajazana zinaziba tundu. Ila kizibo hicho peke yake ni dhaifu. Ndo inaingia hatua ya tatu, protini za kugandisha ambazo karibu zote zinatengenezwa na ini zinaanza kuamshana moja inaamsha nyingine, mwisho inapatikana thrombini, na thrombini inaigeuza protini iliyokuwa imeyeyuka kwenye damu kuwa nyuzi za faibrini. Nyuzi zinajisuka juu ya kile kizibo kama wavu wa dagaa, chembe nyekundu zinanaswa humo na ndo unaona bonge jekundu.

Mnyororo mzima unahitaji kalsiamu. Hii tunaitumia maabara, ukitolewa damu kwa ajili ya kipimo cha kuganda tunaweka kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, ndani ina sitreti inayoishika kalsiamu yote damu isigande mpaka sisi tutake. Chupa hiyo LAZIMA ijae mpaka kwenye mstari, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Ikiwa pungufu jibu linatoka la uongo na mgonjwa anabadilishiwa dozi bure, kwaiyo mkiona tumeikataa chupa tunaomba mgonjwa atolewe tena msitukasirikie.

Wanaofanya kazi vijijini wana kipimo kingine hakihitaji mashine. Mtu akiumwa na nyoka wanatoa damu kama mililita 2 wanaweka kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, inakaa dakika 20 bila kuguswa, alafu wanaiinamisha mara moja. Ikimwagika kama maji jua sumu ya nyoka imeshatumia protini zote za kugandisha na huyo mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Lazima kioo, plastiki haiamshi kuganda vizuri.

Sasa kwa nini igande ndani bila kidonda. Kuna daktari wa Kijerumani anaitwa Rudolf Virchow, karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwamba mabonge yanayokutwa mapafuni mwa marehemu yanatoka kwenye vena za miguu, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanakariri mambo matatu yanayobeba jina lake: damu kutuama, ukuta wa ndani wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mama mdogo alikuwa nayo yote matatu. Yule baba la kwake kubwa ni kutuama kwenye kile chumba kilichotanuka.

Kuhusu kutuama kwenye mguu jaribu hivi sasa hivi. Ning'iniza mkono, vena za mgongo wa kiganja zikijaa chagua moja iliyonyooka. Weka kidole kimoja uibane upande wa kwenye vidole, alafu kwa kidole cha pili isukume damu kwenda upande wa kiwiko mpaka uvuke kinundu kimoja, inua hicho kidole cha pili. Kile kipande kitabaki kitupu, damu hairudi nyuma kwa sababu ndani kuna vali. Achia kidole cha kwanza kinajaa mara moja. Mguuni ni hivyohivyo, moyo hauvuti damu ya miguuni peke yake, misuli ya shavu la mguu ikijikaza inakamua vena na vali zinahakikisha inapanda tu. Ukikaa kwenye basi Dar mpaka Mwanza bila kunyanyuka, au ukifungwa POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika), au ukilala wodini, hiyo pampu imezimwa na damu inakusanyika kwenye mifuko ya nyuma ya vali. Mabonge mengi yanaanzia humo.

Dawa haiyeyushi bonge. Heparini (zile sindano) na warfarini zinazuia lisikue na lisizaliwe lingine, anayeliyeyusha ni mwili wenyewe taratibu kwa vimeng'enya vyake. Dawa za kuyeyusha zipo ila ni kwa hali ya hatari sana maana zinayeyusha mpaka mabonge mema.

Vali_ya_Chuma

Na mimi niseme kama mgonjwa. Nilibadilishiwa vali ya mitrali pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Muhimbili, vali ya chuma, kwaiyo warfarini ni ya maisha. Usiku kukiwa kimya naisikia inagonga kama saa na nimeizoea, nalala nayo.

Ugonjwa wangu ulianzia kooni. Mtoto anaumwa koo, ni bakteria, linapona lenyewe mzazi anasahau, baada ya wiki mbili tatu magoti yanavimba yanahama huku na huku, hiyo ni homa ya rumatiki, kinga ya mwili iliyoandaliwa kwa ajili ya wale bakteria inaishambulia vali. Kila ikijirudia vali inazidi kukakamaa. Wazazi jamani mtoto akigunduliwa mapema anachomwa penisilini ya kila wiki tatu au nne kwa miaka, inauma, analia, mpelekeni hivyohivyo. Ingenipata mimi mapema nisingefika kupasuliwa kifua.

Kuhusu warfarini mambo ambayo nayaona watu wanakosea. Warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, ambayo ini linaihitaji kutengeneza baadhi ya zile protini alizosema mtu wa maabara. Sasa mboga za majani ndo zimejaa vitamini K, mchicha, kisamvu, matembele, sukuma. Watu wanaambiana usile kabisa, si kweli. Kula, ila kula kiasi kilekile wiki zote. Shida ni pale wiki nzima unakula wali maharage alafu unaenda kijijini unakula kisamvu asubuhi na jioni, INR inashuka, vali inashika bonge. INR ndo kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda ukilinganisha na ya mtu asiyetumia dawa, asiyetumia ni 1, wa bonge la mguu kama mama mdogo wanataka 2 mpaka 3, sisi wa vali ya mitrali ya chuma wanapandisha kidogo 2.5 mpaka 3.5.

Hatari kubwa zaidi kuliko mboga ni duka la dawa. Umeumwa tumbo unanunua Flagyl, umekohoa unanunua Septrin, hizo mbili zinaipandisha INR mpaka unaanza kutoka damu kwenye fizi na kwenye mkojo. Mgongo unauma unameza diklofenaki, unajiongezea hatari ya kutoka damu tumboni. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaishusha kabisa mpaka dozi inabidi ipandishwe sana. Popote unapoenda sema kwanza NATUMIA WARFARINI, hata kwa kung'oa jino. Na wadada mnaotumia, ukihisi mimba wahi kliniki wiki hiyohiyo, warfarini inamdhuru mtoto hasa wiki ya 6 mpaka ya 12, wanakuhamishia kwenye sindano.

Mtu asije kukushauri uhamie kwenye vidonge vipya visivyohitaji kupimwa INR ukiwa na vali ya chuma. Kwa bonge la mguu ni vizuri tu, vingi vinatumika. Kwa vali ya chuma hapana. Na hata kwa vali iliyobana kwa rumatiki kama ya yule baba jirani, mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini wenye moyo wa rumatiki na mapigo ya ovyo ovyo, waliotumia warfarini na jamii yake walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, ambayo ni mojawapo ya hivyo vidonge vipya.

mzee_wa_stendi

Mwalimu nimekusoma vizuri ila mbona kuna kijana mmoja mtaani kwetu alivunjika mguu akafungwa POP, damu ikaganda mguuni, alafu akapata kiharusi? Kwa maelezo yako ilitakiwa iishie mapafuni.

Chaki_na_Ubao

Mzee wangu hilo ni swali la kiwango cha juu. Jibu liko kwenye ule ukuta wa katikati ya moyo.

Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu, oksijeni anaipata kwa kondo. Kwaiyo kati ya vyumba viwili vya juu kuna tundu lenye kijimlango, damu inavuka moja kwa moja kutoka kulia kwenda kushoto bila kuhangaika na mapafu. Mtoto akizaliwa akalia, mapafu yanafunguka, presha ya kushoto inazidi ya kulia na kijimlango kinabanwa kikafunga. Kwa watu wengi kinagandana kabisa na ukuta. Lakini kwa kama mtu mmoja kati ya wanne hakishiki, kinabaki kimeegama tu, na maisha yake yote hajui kwa sababu presha ya kushoto inakibana. Siku ana bonge linapita chumba cha juu kulia na palepale akakohoa sana au akajikamua chooni, presha ya kulia inapanda kwa sekunde, mlango unafunguka, bonge linavuka. Likishavuka liko kushoto, na ya kushoto tumeshayasema. Inawezekana kabisa ndo ilimpata huyo kijana, eko, yaani utrasaundi ya moyo, ikifanywa huku wanamchoma maji yenye mapovu madogo kwenye vena wanaweza kuliona tundu.

Na huo ukuta una historia. Galeni, tabibu wa zama za Warumi, alifundisha kwamba damu inapenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa matundu yasiyoonekana kwenye ukuta wa vyumba vya chini, na zaidi ya miaka elfu moja hakuna aliyembishia. Karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa upande wa Dameski aliyefanya kazi Kairo, akaandika kwamba ukuta ule ni mnene na hauna matundu, yanayoonekana wala yasiyoonekana, kwaiyo damu lazima izunguke kupitia mapafuni ndipo ifike kushoto. William Harvey wa Uingereza akaja mwaka 1628 akamalizia mzunguko wa mwili mzima, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa hesabu, akapiga damu ya kila pigo mara mapigo ya nusu saa akapata nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini, ikambidi akubali kwamba ni ileile inazunguka. Lile zoezi la kubana vena aliloleta mtu wa maabara ndilo lililochorwa kwenye kitabu chake. Kitu kimoja hakukiona, damu inavukaje kutoka ateri kwenda vena, kapilari zilionekana kwa darubini mwaka 1661, Malpighi, tabibu wa Italia, aliziona kwenye mapafu ya chura.

mzee_wa_stendi

Asante mwalimu, nimeelewa kabisa. Nitamwambia mama yake aulizie hiyo eko.

binti_wa_kilosa

Yaani nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Mama mdogo mguu umepungua sana anatembea mpaka kwa jirani. La mwisho nesi, atatumia dawa mpaka lini, na akitaka uzazi wa mpango au mtoto mwingine itakuwaje?

nesi_wa_zamu

Hongera kwa kumsimamia. Bonge lililotokana na sababu inayojulikana kama uzazi kwa kawaida dawa ni angalau miezi mitatu, daktari wake ndiye atakayesema aache lini, asiache mwenyewe kwa sababu mguu umepona kwa macho. Kama bado yuko kwenye sindano na vidonge kwa pamoja asishangae, warfarini inachelewa, protini zilizokuwa tayari kwenye damu lazima ziishe kwanza, kwaiyo sindano zinaendelea angalau siku tano na mpaka INR ifike 2.

Uzazi wa mpango asitumie vidonge vya kawaida vyenye estrojeni maana vinaongeza kuganda. Kitanzi kinamfaa, vijiti vya mkononi pia wanampa, aeleze tu historia yake. Na akishika mimba nyingine asisubiri tumbo lionekane, aende kliniki mapema siku ya kwanza kabisa aseme niliwahi kugandisha damu mguuni, wataandika kwenye kadi na wataangalia kama anahitaji sindano za kuzuia wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Atembee hivyohivyo kwa jirani kila siku, ni sawa.